Kikapu cha Nne kutoka Mlangoni

Kazi yangu ilikuwa kupiga watu picha za sura. Si sura nzuri, sura ya kisheria: masikio yaonekane, nywele zisifunike nyusi, ukuta mweupe nyuma, na usicheke. Kiduka chetu kilikuwa Al Barsha, mtaa wa mji mmoja wa Waarabu, nyuma kidogo ya lile jumba kubwa la maduka, kati ya dobi na muuza simu. Kutwa waliingia walinzi, yaya, na wahudumu wa mahoteli ya Marina, wote wanataka picha za viza. "Madam, nifanye mweupe kidogo," ataniambia kijana wa Kiganda. Namwambia, "Wewe, ile mashine ya uwanja wa ndege inakutafuta ulivyo. Kaa sawa." Nimepiga sura za watu miaka na miaka, na sura moja niliyoitaka mwenyewe sikuwa nayo. Sura ya mama yangu.

Mama alifariki nikiwa na miaka minne, Unguja, kabla baba hajahamia nami huku, katika zile zama za baada ya Mapinduzi. Simkumbuki. Watu waliomjua walikuwa wakinitazama mdomoni na kusema, "Mwanya huu kauchukua kwa mamake," basi, urithi wangu wote ukawa tundu katikati ya meno. Na hapa ndipo hasira zangu zinapoanzia, kwa sababu baba yangu alikuwa mpiga picha. Tena si wa kubahatisha. Alikuwa mpiga picha wa serikali, mwenye kamera na mikanda iliyoletwa na Wajerumani wa Mashariki, akipiga magwaride, mikutano, wageni wakipanda miti, wageni wakikata utepe. Kisiwa kizima kilipita mbele ya lenzi yake, na mkewe hana hata picha moja! Kila nikimuuliza alinijibu, "Mganga hajigangi, mwanangu," kisha anaomba chai. Nimenyweshwa methali hiyo miaka arubaini.

Nilikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza, lakini huyo alikuwa hakamatiki. Mdogo wake mama, mama mdogo wangu, aliolewa Hatta, kule milimani karibu na mpaka wa Oman, na mwenye shamba la mitende. Kwetu alikuwa hakanyagi. Tukikutana harusini alinibusu mimi na kunishika mashavu, lakini baba akipita aligeuza uso wake ukutani. Kwa nini, hakuna aliyenambia. Kwetu sisi mambo ya watu wazima huwekwa kabatini, na ufunguo hutupwa.

Basi mwaka ule, katikati ya miaka ya elfu mbili na kumi, baba alipatwa na presha ya macho. Daktari hakuzunguka. Jicho la kulia limekwisha, alisema, na la kushoto tulichunge kwa dawa, lakini tusihesabu litadumu. Tulirudi nyumbani kwa teksi. Nilipotoka jikoni na chai nilimkuta baba kakaa kitandani kwake na kopo la maziwa ya unga mapajani, la kizamani, limeshika kutu kwenye mdomo. Nilikuwa nimeliona kopo lile maisha yangu yote juu ya kabati nikidhani mna misumari.

"Funga dirisha," akasema.

"Baba, tuko ghorofa ya tisa. Atakayesikia ni njiwa."

"Funga, nakwambia."

Nikafunga. Ndani ya kopo mlikuwa na vipande vya mikanda ya picha, vifupi, picha moja moja, mbili mbili, tatu tatu, kila kimoja kimekunjiwa karatasi. Baba aliviita "mikia". Alinieleza kwamba mkanda wa serikali ulikuwa lazima urudishwe ofisini, umesafishwa, mkuu autazame picha kwa picha. Lakini mwisho wa mkanda hubaki nafasi kidogo. Gwaride likishakwisha, yeye hupita njia ya nyuma kwenda nyumbani, na zile nafasi mbili tatu huzimalizia njiani, kwa alichokiona. Kisha, kwenye chumba cha giza, huukata ule mkia kwa mkasi. Akiulizwa, husema, "Mwisho uliungua kwa mwanga, mheshimiwa." Miaka yote ile hakuna aliyegutuka, maana wakubwa walikuwa wakitazama kama wao wenyewe wametoka vizuri.

"Nilitaka uvikute nikishakufa," akasema. "Lakini nikifa, nani atakwambia hiki ni nini na huyu ni nani? Bora tuvitazame sasa, maadamu naona."

Wapitao njia ya nyuma ni watu wa mtaani. Mama yangu alikuwa mtu wa mtaani. Nikajiapia palepale, na kopo mkononi, kwamba ikiwa mama yangu yumo humu nitamtoa, na nitamtoa kabla jicho la kushoto halijazimika, kwa sababu mimi simjui kwa sura, na anayemjua ni huyu mzee.

Arbab wangu, mwenye kiduka, alikuwa mtu mwema lakini mwenye haraka. Nilipomwomba nitumie skana yake alisema, "Yalla, lakini wateja kwanza." Basi nikawa nafanya kwenye saa ya chakula. Mikono imevaa glavu nyeupe, sambusa imelala kwenye karatasi inapoa, na mimi nalaza mkia mmoja baada ya mwingine kwenye kioo. Jioni nabeba picha nilizozichapa kubwa kubwa, namkalisha baba chini ya taa, nampa kioo cha kukuzia, na tunaanza ugomvi wetu.

Lo, mambo niliyoyaona mle! Yale majumba mapya ya ghorofa yaliyojengwa na Wajerumani, yale yaliyotiwa kwenye kalenda, nikayaona kwa nyuma: makopa ya muhogo yameanikwa barazani ghorofa zote, maana mchele haupatikani, na wanawake wako chini mferejini na ndoo kwa sababu maji hayapandi juu. Kinyozi kaegemeza kioo chake chini ya maandishi makubwa ya ukutani yanayowataka watu wafanye kazi, na yeye kalala. Watoto wa skuli wanafanya gwaride na bunduki za mbao, wa mwisho kavaa kiatu kimoja. Duka lina rafu mpaka darini, na kwenye rafu zote mna viberiti tu, vimepangwa vizuri sana, na muuzaji kasimama hapo kifua mbele. Wenye serikali walikuwa wakiyaita mambo haya ujamaa. Waliokuwa wakiyaita ukomunisti walikuwa wakitazama nyuma kwanza.

Baba alikuwa akisema: hapa ni Kikwajuni, huyu alikuwa fundi cherahani, huyu mtoto alikuja kuwa daktari. Mimi naandika nyuma kwa penseli. Kila picha yenye mwanamke namuuliza, "Na huyu?" Jirani. Mke wa fulani. Simjui. Jirani.

Kulikuwa na mikia kumi na moja, ya picha moja moja, ambayo haina watu kabisa. Ni foleni ya duka la serikali, lakini foleni ya vitu. Vikapu, makopo, ndara moja moja, mawe, vimepangwa mstari mrefu mchangani mpaka mlangoni. Mila hiyo niliwahi kuisikia. Watu walikuwa wakija alfajiri, kila mmoja anaweka chake mahali pake, kisha anarudi nyumbani kupika na kuogesha watoto, na mlango ukifunguliwa kila mtu husimama nyuma ya kikapu chake. Hakuna aliyethubutu kusogeza kikapu cha mwenziwe.

"Na hizi, baba?"

Alizipapasa kidogo, akazisukuma. "Hizo weka kando. Mbovu."

Nikaziweka kando. Mimi nilikuwa nawinda sura, vikapu vya nini?

Wiki ya tano nikampata. Mferejini, mwanamke kasimama kaitazama kamera kavukavu, mkono kiunoni, kanga kaifunga chini ya kwapa, na mdomo uko wazi kama aliyekatizwa maneno. Na katikati ya meno, mwanya! Niliacha wateja wawili kwenye viti. Nikakuza, nikakuza tena, nikakimbilia chooni kujitazama kwenye kioo na picha kando ya shavu. Jioni sikungoja hata kuvua viatu.

"Baba, kuna mwanamke mferejini, mkono kiunoni, ana mwanya. Mwembamba. Ndiye?"

Baba aliisogeza picha mpaka puani. Aliigeuza kwenye taa huku na huku. Kisha akasema, "Huenda."

Huenda! Kwangu ilikuwa kama kaapa kwa msahafu. Nilichapa picha ya mama yangu, kubwa kama dirisha, nikamtia fremu ya dhahabu, nikamtundika sebuleni. Kila Ijumaa nilifukiza udi chini yake na kumsalimia. Nilimsimulia mambo yangu yote, ya kazini, ya mume niliyeachana naye, ya magoti. Jicho la baba lilizimika kabisa mwezi ule ule, na nilimlilia, lakini ndani ya nafsi yangu nilikuwa nikisema, alhamdulillahi, tumewahi.

Nilichofanya baadaye nilikifanya kwa nia njema, na nia njema ndiyo iliyonichoma. Nilisema nitakwenda Hatta. Nitamtia mama mdogo dada yake mikononi, alie, nami nilie, na uadui wao ufe. Nikaitoa fremu ukutani, nikaifunga kwenye shuka, nikabeba na bahasha ya picha zile nyingine, pengine atajua majina ambayo baba kayasahau. Nikakodi gari Ijumaa moja asubuhi. Barabara inapita jangwani, kisha milima inaanza ghafla, mikavu, na chini yake mashamba ya mitende.

Mama mdogo alinikalisha barazani, akanipa kahawa na tende. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mfupi, mikono haikai. Alikuwa akisuka ukili huku anazungumza, bila kuutazama. Nikafungua shuka taratibu, kwa mbwembwe zangu zote.

"Mama mdogo, nimemleta."

Alitazama. Akaweka ukili chini. Akavaa miwani, akatazama tena.

"Umemleta nani?"

"Mama. Dada yako."

"Astaghfirullah! Huyu?" Akasimama. "Wewe mtoto una wazimu? Huyu si alikuwa mjumbe wa mtaa! Huyu ndiye aliyekuwa akipita akinusa vyungu vya watu, aandike nani kapika wali na kaupata wapi! Mwanya, ati. Mwanya anao na mbuzi! Umemweka wapi mwanamke huyu?"

Sauti ilinitoka kama ya panya. "Sebuleni."

"Sebuleni!"

"Na udi nimemfukizia."

Akanitazama. Halafu akacheka, akacheka mpaka akashika nguzo, na katikati ya kicheko nikaona kwamba analia. Mimi nilikuwa nalia zamani. Ndipo aliponambia, bado kashika nguzo, kile kilichokuwa kabatini.

Picha ya mama ilikuwepo. Moja. Ya siku ya harusi yao, katika studio, mama kakaa kitini na bwana harusi kasimama, na nyuma yao kaka yake mama kavaa sare ya polisi ya serikali ya zamani. Yalipoingia Mapinduzi, picha ya namna ile ilikuwa hatari, nyumba zilikuwa zikipekuliwa, na kaka mwenyewe alikuwa kashachukuliwa na hakurudi. Usiku mmoja baba aliitia jikoni kwenye makaa. Hakumuuliza mkewe. "Dada yangu aliamka akakuta majivu," mama mdogo akasema. "Kaka hana, na picha ya kaka hana. Mwanamme huyo angeweza kukata kipande cha sare kwa mkasi. Mkasi ndiyo kazi yake! Sikumsamehe, na simsamehi."

Nilikuwa nataka kuondoka, nimrudie baba nimpigie makelele mpaka njiwa wa ghorofa ya tisa waruke. Nikaanza kukusanya vitu vyangu, bahasha ikanidondoka, na picha zikamwagika barazani. Mama mdogo akainama kunisaidia, huku bado anamtukana baba. Mara akanyamaza.

Alikuwa kashika moja katika zile mbovu, za foleni.

"Hebu nipe nyingine kama hii."

Nikampa. Akazitandaza kwenye mkeka, zote kumi na moja, akapiga magoti. Kidole chake kikatembea juu ya mstari wa vikapu na makopo, kikasimama.

"Kikapu hiki nimekishika mimi. Tazama ukingo. Sisi tulikuwa tukisuka ukingo mara mbili, dada yangu ndiye aliyenifunza, mtaa mzima hakuna mwengine. Na huu kwenye mkono wa kikapu ni upindo wa kanga, alikuwa akifunga ili asikosee chake. Hiki cha dada yangu. Wa nne kutoka mlangoni." Akahamia picha ya pili. "Na huyu hapa, wa sita." Ya tatu. "Wa pili! Siku hiyo aliwahi." Alisema "wa", si "cha". Aliendelea hivyo mpaka ya kumi, kisha akakaa kitako na kutazama milima.

"Picha kumi," akasema. "Shetani huyu alikuwa anampiga dada yangu picha."

Nilirudi nyumbani Al Barsha jioni ile ile. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, makali, kwa mpangilio. Nilimkuta baba kakaa kwenye kiti chake karibu na redio, sauti kaipunguza mpaka haisikiki, kama kawaida yake. Nikaanza na la kwanza.

"Kwa nini uliniambia huenda?"

Alijua mara moja. "Sikuona, mwanangu. Niliona weusi na weupe. Lakini sauti yako ilikuwa na furaha, na mimi ndiye niliyekunyima. Nikaona, nikunyime mara ya pili?"

"Na ile ya harusi?"

Baba aliinamisha kichwa. Hakujitetea. Alisema alikuwa mwoga, na alikuwa na mkasi, na woga haukumpa nafasi ya kuukumbuka mkasi. Alfajiri ile, alinieleza, mama hakupiga kelele. Aliyachota majivu, akayatia kwenye karatasi, akamwambia: "Kamera yako isinitazame tena maisha yangu." Akaapa, naye baba akaapishwa. Na mama yangu, kumbe, alikuwa mtu ambaye ukimwapia basi.

"Nilitimiza," baba akasema. "Miaka yote ile sikumwelekezea lenzi. Sikuvunja hata mara moja. Lakini kikapu hakikuwemo kwenye kiapo."

Nilikaa chini sakafuni. Yale maneno yangu makali yote yakawa hayana kazi.

"Nilikuwa nikitoka kwenye gwaride napita dukani makusudi," akaendelea. "Sura za watu wa foleni sikuzitaka, mkia ukikamatwa watu wale wangeulizwa maswali. Nangoja waondoke. Nakitafuta chake, napiga, naondoka. Yeye hajui. Nawe nikakwambia mbovu, maana ungeniuliza, na ningelazimika kukwambia ya majivu." Akasita. "Mkia mmoja hauna kikapu. Una jiwe. Umeuona?"

Ndiyo ule wa kumi na moja. Nilisema nimeuona.

"Hiyo ni baada ya arubaini yake. Wanawake wa foleni waliweka jiwe mahali pake, wakaacha nafasi, ili mimi nikija nipate unga wako. Waliweka wiki ngapi sijui. Sikuwaomba."

Hapo tulilia sote wawili, sina haja ya kuficha. Kisha nikampigia simu mama mdogo, usiku ule ule, nikamweleza neno kwa neno, kiapo na jiwe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Khalas, nimesikia," akakata. Nikapiga tena asubuhi, hakushika. Nikapiga kila siku. Mimi kichwa kigumu, sijui nimekirithi kwa nani katika hao watatu, pengine wote. Siku ya tisa akashika na kuniambia, "Usinipigie tena, nasuka."

Wiki tatu baadaye kengele ya mlango ililia. Mama mdogo, na mfuko wa nailoni, na mwanawe anamsubiri chini garini. Hakumsalimia baba. Alivua viatu, akaingia, akatazama kwanza ukuta wa sebuleni kama mjumbe yule kaondolewa. Kaondolewa. Pale palikuwa na foleni ya vikapu, kubwa kama dirisha.

Baba alimtambua kwa nyayo. Akajikongoja kusimama. "Shemeji," akasema.

Mama mdogo akatoa kitu kwenye mfuko, akamwekea mapajani alipokaa tena. Kilikuwa kikapu. Kakisuka kwa mitende ya Hatta, maana ukindu wa kwetu haupatikani, na ukingo kausuka mara mbili. Kwenye mkono kafunga upindo wa kanga, fundo limekaa juu, limetuna vizuri.

"Nimekisuka kama chake," akasema, na hiyo ndiyo sentensi ya kwanza aliyomwambia tangu mimi nina akili. "Sijui kwa nini."

Baba alikishika. Vidole vikaanza chini, vikapanda ubavuni, vikauzunguka ukingo polepole, mara moja, mara mbili. Vikafika kwenye mkono. Vikakuta fundo, vikasimama. Akatikisa kichwa kidogo. Kisha akalifungua. Mama mdogo akafungua mdomo aseme, nikamshika mkono. Baba aliuteremsha ule upindo mpaka pale mkono unapoungana na ukili, upande wa kushoto, akauzungusha mara tatu, akafunga, ncha zote mbili zimeelekea chini. Akalivuta likaze.

Nilikwenda ukutani na kioo cha kukuzia. Picha ile nilikuwa nimeitazama kila siku wiki tatu nzima. Mama mdogo alikuja nyuma yangu akaweka kidevu begani mwangu, tukatafuta pamoja. Wa nne kutoka mlangoni. Fundo liko chini, kushoto, ncha zimeelekea mchangani.

"Kaa, shemeji," mama mdogo akasema, na baba alikuwa kakaa zamani. "Nakupikia chai."